Vyura wa Mbweni na Vichupa Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja pipeti mbili kabla ya saa nne asubuhi. Pipeti ni mrija mwembamba wa kioo wa kupimia maji kidogo kidogo, na zama hizo zilikuwa adimu, maana kuagiza nyingine kutoka nje kulichukua miezi. Nikavisukumiza vile vipande kwenye mfuko wa koti langu jeupe jipya, nikaendelea kuosha vyombo. Fundi Mkuu wa Maabara, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, akaja kusimama nyuma yangu.

"Zuhura," akasema, "mfuko wako unatoka damu."

Kweli. Nilikuwa nimetia mkono mfukoni bila kukumbuka, kioo kimenikata kidole. Akanifunga kitambaa, akavitoa vipande kimoja kimoja, akavihesabu kwenye kiganja chake.

"Kioo kinavunjika, mwanangu. Sijamfukuza mtu kwa kioo. Ila ukificha, siku moja nitakanyaga mie."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, enzi za ruksa, sabuni za nje zimerudi madukani na mitumba imeanza kufurika sokoni. Mie ni mzaliwa wa Temeke, mtoto wa kuli wa bandarini na mama mshona kofia. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi sanifu wa maabara, nikapangiwa kituo cha utafiti wa viumbe upande wa Kinondoni. Nyumbani bibi yangu aliniuliza huko nashughulika na nini. Nikamwambia vyura.

"Mnawatibu?"

"Hapana, bibi."

"Mnawala?"

"Hasha!"

"Sasa serikali inawatakia nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Ilinichukua miaka miwili ya kuosha vyombo, kuchemsha maji na kuandika lebo ndipo nikahamishiwa Kitengo cha Jenetiki, na huko ndiko nilikolipata.

Kitengo hicho kiliongozwa na Mtafiti Mkuu, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa waya sikioni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akimfuatilia chura mmoja mdogo wa kwenye matete, mwenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, aliyepatikana karibu kila kinamasi cha pembezoni mwa jiji. Ukimtazama wa Mbweni, kaskazini, na wa mabonde ya Kurasini, karibu na bandari, huoni tofauti. Daktari alitaka kujua kama hao ni spishi moja au mbili, na kama ni mbili, kila moja inaishia wapi.

Siku ya kunipokea alinieleza kwa mfano wa ndoa. "Ukitaka kujua kama watu wa mitaa miwili wanaoana," alisema, "usiangalie nguo zao. Angalia watoto wao. Sie tunaangalia damu ya hawa vyura ili tujue nani anaoa kwa nani."

Kumbe ndilo jibu la bibi. Watu wakijenga juu ya kinamasi, ni lazima mtu awe anajua ni ukoo gani unazikwa pale, na kama una ndugu kwingine.

Leo vijana mna mashine za kusoma vinasaba herufi kwa herufi. Sie tulisoma protini, tena kwa upishi. Tulichukua kipande cha ini la chura, tukakisaga kwenye maji ya barafu. Upande wa pili nimebandika wanga jikoni, nakoroga kama mtu anayepika uji, hadi unageuka kutoka weupe na kuwa mwangavu. Hapo nanyonya mapovu kwa pampu, namimina kwenye kalibu ya kioo, naacha ugande. Hiyo ndiyo jeli. Yale maji ya ini tunayaweka upande mmoja wa jeli, tunapitisha umeme, na protini zinaanza kutembea. Zenye umbo tofauti hutembea kwa mwendo tofauti. Ukimwagia dawa ya rangi zinajitokeza kama vistari vya buluu. Na kwa kuwa kila kiumbe hurithi kwa baba na kwa mama, chura wa mchanganyiko huonyesha vistari viwili, cha mbio na cha pole.

Jeli ikiwa na mapovu, kazi ya siku mbili imekwenda. Nilizimwaga nyingi mwanzoni. Baadaye mikono ikazoea, na Daktari akawa hataki mtu mwingine apike ila mie.

Vyura wenyewe waliletwa na Mzee Nangomwa, mshika nyavu wetu, mwenyeji wa Newala aliyekuja mjini zamani kuchonga vinyago na akaishia kukamata vyura. Alikuwa hawatazami. Aliwasikiliza.

"Hawa si ndugu," aliniambia mara ya kwanza aliponiletea mifuko miwili. "Wa Kurasini anagonga kama kijiko kwenye gilasi. Wa Mbweni anakwaruza kama ukucha kwenye kitana."

"Umemwambia Daktari?"

"Hajaniuliza."

Na mie sikumwambia Daktari. Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Tulipokaribia kuimaliza kazi hiyo ndipo mgao wa umeme ulipopamba moto. Ini la chura likiyeyuka linaharibika, na friza letu lilikuwa moja. Siku hiyo niliyoiogopa, umeme ulikatika alfajiri na jenereta ikagoma. Daktari alikuwa safarini. Nilipofika kazini saa mbili barafu imeshaanza kulainika. Nikapakia vichupa vyote kwenye maboksi ya kuhifadhia baridi, dereva akanipeleka ferry kwa wauza samaki, nikawaomba barafu, na jamaa wakanijazia maboksi huku wakinicheka.

"Sista, samaki gani hao wa kwenye vichupa?"

"Vyura."

Walirudi nyuma hatua mbili, lakini barafu walinipa.

Sampuli zikapona. Umeme uliporudi nikaanza kuzipanga, ndipo nikaona vichupa viwili havina maandishi. Maji ya barafu yalikuwa yameifuta kalamu. Nikahesabu maboksi: la Mbweni lilipungua kichupa kimoja, la Kurasini kimoja. Kwa hiyo kimoja kilikuwa cha huku na kingine cha kule, ila kipi ni kipi sikujua. Kanuni ya Daktari niliifahamu, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa mkono wake: sampuli isiyo na lebo itupwe. Lakini nilikuwa nimepigana na barafu tangu asubuhi, na niliona uchungu kutupa hata kimoja. Nikavitazama. Kimoja kikanielekea kama cha Mbweni. Nikachukua kalamu, nikaandika.

Sikumwambia mtu.

Baada ya wiki tatu jeli ya mwisho ilitoka. Vyura wote wa Kurasini walionyesha kistari cha mbio, vyura wote wa Mbweni kistari cha pole. Isipokuwa mmoja wa Mbweni aliyekuwa na cha mbio, na mmoja wa Kurasini aliyekuwa na cha pole. Nikaangalia namba zao. Ni vile vichupa vyangu viwili.

Daktari aliinama juu ya jeli kwa muda mrefu. "Ajabu," alisema. "Nilidhani ni spishi mbili. Kumbe wanatembeleana."

"Kwa njia gani, Daktari?"

"Labda malori. Mchanga unachotwa huku unamwagwa kule, na chura anasafiri ndani yake. Ila kinachonisumbua, mbona hakuna hata mmoja mwenye vistari viwili?"

Nikaanza kuosha kalibu. Akaenda kuandika ripoti.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamjui kipindi kile kilivyokuwa. Zoezi la kupunguza wafanyakazi lilikuwa limefika kwetu. Kila mkuu wa kitengo alitakiwa kupeleka kwa Mkurugenzi jina la mtu anayeweza kuachishwa, na watu waliacha kuongea wakati wa chai. Baba yangu alikuwa ameshastaafu, mdogo wangu yuko shuleni, nyumba nzima inanitazama mie. Upande wa pili, wapima viwanja walikuwa wakiisubiri ile ripoti. Kama chura wa Mbweni ni wa pekee, sehemu ya kinamasi ingeachwa. Kama ni yule yule wa Kurasini, hakuna hoja, viwanja vigawiwe.

Kwa siku nne sikula nikashiba. Mama aliniuliza naumwa nini, nikasema kichwa. Siku ya tano Daktari aliniletea ripoti niipeleke kwa mpiga chapa. Nikaisoma nikiwa nimesimama koridoni. Kurasa kumi na mbili zilikuwa zikizungumzia malori ya mchanga. Mtu mzima, msomi, amekesha akieleza jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa sababu ya kalamu yangu.

Nikarudi nazo ofisini kwake.

"Daktari, naomba kusema."

"Sema, Bi Zuhura."

"Vile vichupa viwili vilivyokataa. Siku ya umeme lebo zake zilifutika. Niliziandika upya kwa kubahatisha."

Akavua miwani, na kwa sababu ya ule waya ilimchukua muda. "Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Wiki tatu."

"Ndiyo, Daktari."

"Unajua ninadaiwa jina kwa Mkurugenzi?"

"Najua."

"Na bado umekuja kuniambia leo?"

"Kesho ungekuwa umeshatia saini."

Aliinuka akaenda dirishani. Nilitegemea ukali, na nikaupata. "Kurasa kumi na mbili za malori!" alisema bila kugeuka. "Ningechekwa hadi kaburini!" Aliporudi mezani sauti ilikuwa imeshuka. "Siwezi kuviondoa vichupa hivyo kwa neno lako tu. Watasema nimeondoa vinavyonisumbua. Nataka vyura wapya wa Mbweni. Nenda kesho na Mzee Nangomwa. Hilo jina nitaliandika mkirudi."

Tulifika Mbweni alasiri, mvua imetoka kunyesha. Sikukitambua kinamasi. Pale tulipokuwa tukiingia kwa mabuti ya mpira palikuwa pamemwagwa kifusi, matete yamelala chini ya mawe, na upande wa mbali vigingi vya wapima viwanja vimesimama. Nikakaa juu ya jiwe. Nilijiona nimekuja kuchelewa kwa kila kitu.

Mzee Nangomwa hakukaa. Alisimama ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Kitana," akasema.

"Nini?"

"Sikiliza. Ukucha kwenye kitana."

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Tukaizunguka, na huko tukakuta shimo refu la msingi wa uzio limejaa maji ya mvua, na pembeni mwake vijimashina vya matete vimechipua upya. Mwenye nyumba alikuwa palepale akisimamia mafundi, bwana wa makamo aliyevaa shati la mikono mirefu, ajenti wa kutoa mizigo bandarini. Alituona na nyavu zetu, akatunisha kifua.

"Nyie ni watu wa ardhi?"

"Hapana, kaka. Sie watu wa vyura."

"Watu wa nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. "Mkiwachukua hawa mkakuta ni wa maana, mtakuja kuniambia nibomoe?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. "Nyumba yako imeshasimama, kaka, sidhani. Lakini viwanja vile vya mbele ambavyo havijagawiwa, huenda vingine vikaachwa."

"Kimoja nakitaka mimi."

"Basi ndiyo ukweli wenyewe."

Akatikisa kichwa, akawageukia mafundi wake. Nilidhani imekwisha. Kumbe kwenye kibaraza kisichopigwa plasta alikuwa amekaa mama yake, bibi kizee wa Kimwambao mwenye kanga mbili. Mzee Nangomwa alikuwa ameshamfikia, ameinama na kumwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa," ingawa naye alikuwa na mvi zake. Wakaongea kidogo, nikaona bibi anacheka. Akaita kwa sauti.

"Weye mwanangu! Hawa vyura wameniharibia dhuhuri na alasiri yangu. Watu wamekuja kuwachukua bure, unawazuia kwa lipi?"

"Mama, hujui wanachotaka."

"Mwanamke amekueleza wazi anachotaka. Ni wangapi wanaokuja kwako wakakueleza wazi?"

Yule bwana akavua viatu, akakunja suruali, akaingia shimoni mwenyewe kutuelekeza penye kina. Kabla jua halijazama tulikuwa na vyura kumi na wanne kwenye mifuko iliyolowa, na bibi ametupa maandazi ya njiani.

Njiani nilimwuliza Mzee Nangomwa kwa nini miaka yote hakuwahi kumweleza Daktari habari za kijiko na kitana. Akajibu kwamba baada ya kuniambia mie aliwahi kujaribu mara moja, Daktari akamwambia sauti haziingii kwenye friza. "Lakini leo," akasema, "zimetutoa."

Nilipika jeli ile kwa uangalifu ambao sijawahi kuurudia. Lebo niliziandika mara mbili, moja kwa kalamu ya risasi ndani ya kichupa, moja kwa wino nje, na Daktari akasimama pembeni akizisoma kwa sauti. Tukapitisha umeme, tukamwagia rangi, tukangoja. Vistari vilianza kutokea kama mvuke kwenye kioo. Cha kwanza, pole. Cha pili, pole. Daktari alikuwa akihesabu kwa ncha ya penseli, na nilipoona imefika cha kumi nikafumba macho.

"Fumbua," akasema. "Wote kumi na wanne. Hakuna aliyekataa."

Nikakaa chini sakafuni, na koti langu jeupe. Sijui nililia au nilicheka. Najua Fundi Mkuu aliingia akauliza nani amefariki, na Daktari akamjibu kwamba hakuna, ni malori tu yamekufa.

Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia Mzee Nangomwa akamwambia, "Mzee wangu, hebu nieleze tena habari za kitana."

Orodha ya wanaoachishwa ilibandikwa Ijumaa moja. Sikuweza kuikaribia. Mzee Nangomwa ndiye aliyejipenyeza katikati ya watu, akarudi akaniambia, "Hupo. Na mimi sipo." Nilimtuma tena ahakikishe, akaenda bila kulalamika. Baadaye karani wa Mkurugenzi alinieleza kwamba Daktari alipeleka karatasi yenye mstari mmoja: kitengo chake kina nafasi moja iliyo wazi, wafute hiyo. Jina la Fundi Mkuu lilikuwepo, na hilo liliniuma. Yeye mwenyewe alilipokea kwa utulivu, akasema ilibaki miaka miwili tu na magoti yake yameshatangulia kustaafu.

Ripoti ilitoka ikisema spishi ni mbili. Chini ya jedwali kulikuwa na sentensi moja kwa herufi ndogo: sampuli mbili zimeondolewa kwa sababu lebo zake ziliandikwa upya na fundi bila uhakika. Fundi huyo ni mie. Nilidhani nitaona haya kila nikiisoma, lakini kila nilipoisoma nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba tofauti ya sauti iligunduliwa kwanza na Bwana Nangomwa. Aliniomba nimsomee mara tatu, kisha akaomba nakala apeleke Newala.

Kinamasi hakikupona chote. Sehemu yenye chemchemi iliachwa, vigingi vikasogezwa. Yule ajenti alikipata kiwanja kingine mbele kidogo, na tulipokuwa tukienda kuchukua sampuli alitupigia honi.

Miaka iliyofuata nilibadilika pamoja na kazi. Ilikuja mashine ya kunakili vinasaba, hatukuhitaji tena kumuua chura kwa ajili ya ini. Ncha ya kidole ilitosha, naye akarudi majini. Hiyo nayo ilikuwa nafuu kwangu, maana sikuwahi kuzoea kuua. Daktari alihamishiwa wizarani, akaja Mtafiti Mkuu mwingine, na mwingine, na mie nikawa Fundi Mkuu, nikawa nasimama nyuma ya mabinti wanaoosha vyombo. Nimestaafu nikiwa na macho yangu na vidole vyote kumi. Mafundi wa rika langu wengi hawawezi kusema hivyo.

Vijana huniuliza kama kazi yetu ya wanga na rangi ina thamani yoyote leo. Huwa nawajibu kwamba sijui, na ukweli ni kwamba jambo hilo lilinikosesha raha kwa miaka mingi. Je, mashine hizi mpya zikiwasoma wale vyura upya, zikakuta ni ndugu kweli? Je, kama tulisogeza vigingi vya watu bure?

Mwaka jana alikuja hapa kwangu Kipawa binti mmoja, mtafiti wa pale pale kituoni. Akaniamkia, akakaa, akafungua kompyuta yake magotini. Alisema wamewasoma vyura wa Mbweni na wa Kurasini vinasaba vyote, na akaona jina langu kwenye karatasi za zamani, ndipo akanitafuta.

"Mkakuta nini?" nikamwuliza.

"Ni spishi mbili, mama. Tena zimeachana zamani sana, kuliko mlivyodhani nyinyi."

Nikamwambia ngoja nikuletee chai. Nilipofika jikoni nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, hadi birika likachemka na kumwagika.

"Mama, kuna nini huko?" akauliza kutoka sebuleni.

"Hamna kitu, mwanangu," nikamjibu. "Naja."